Viatu Visivyo na Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia la buti zilizooza. Sajini wa bohari, yaani mwenye kutunza vifaa vya kikosi, alilimwaga mbele yangu chini ya turubai pale Mokowe, ng'ambo ya Lamu, na harufu iliyotoka ikanifanya nigeuze uso. Nilizipanga jozi jozi kama nilivyozoea. Mwisho ikabaki buti moja peke yake.

"Mwenzake yuko wapi?" niliuliza.

"Imebaki matopeni," alisema Sajini. "Mwenyewe tumempata."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi wa viatu mtaa wa Langoni, Lamu, kazi niliyorithi kwa baba yangu. Hadi siku hiyo nilikuwa nikishona makubadhi: viatu vya ngozi vyenye gidamu pana, ile mikanda ya kushikia mguu, vya kwendea msikitini na vya mabwana harusi. Sikuwahi kushika buti ya jeshi. Askari wawili walinijia dukani na karatasi yenye muhuri, wakaniambia kikosi kinahitaji fundi, na kwamba nikikubali nitaandikwa kazi ya mwezi kwa mwezi. Hawakusema itakuwaje nikikataa, na mimi sikuwauliza.

Mke wangu, Bi Mwanaesha, alinifungia nguo. Nilipokuwa mlangoni ndipo aliposema, "Lali, zita hizi si zetu."

"Nakwenda kushona tu," nilimjibu.

"Haya. Enda kashone."

Nanyi vijana mnaosoma haya huenda hamjui vita, au zita kwa lugha yetu, alivyokuwa akivitaja. Katika miaka hiyo ya hamsini, watu wa milimani huko bara waliingia msituni kudai ardhi yao, na serikali ya Mwingereza ikatangaza hali ya hatari. Sisi wa visiwani tulikuwa tukisikia habari zao kama mtu asikiaye ugomvi wa nyumba ya tatu. Baadaye mahabusu wao wakaanza kuletwa kwenye kambi huku kwetu, mbali na makwao, mahali ambapo bahari yenyewe ni ukuta. Kisha sita kati yao wakatoroka wakaingia katika mikoko. Ndipo ikaletwa platuni moja, kiasi cha askari thelathini, kuwasaka. Walikuwa Wakamba, Wakalenjin na watu wa kaskazini. Wengi wao hawakuwa wameiona bahari kabla ya wiki ile.

Mkuu wetu wa kwanza alikuwa Meja, Mwingereza wa makamo aliyekuwa amepigana jangwani katika vita vikuu. Alipenda kila kitu kiwe kimenyooka. Kila asubuhi askari walisimama mstari kando ya gati naye akapita akizitazama buti zao kabla ya kuwatazama nyuso. Aliniita siku ya pili.

"Wewe fundi. Buti tengeneza kama ilivyokuwa. Misumari yote. Usibadilishe kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Meja."

Buti ya jeshi ya wakati ule ilikuwa kitu kizito. Soli yake ilikuwa ngozi tabaka mbili au tatu, na chini yake imepigiliwa misumari yenye vichwa vipana ili isilike upesi. Kisiginoni mna chuma cha umbo la kwato. Kwenye barabara kavu buti hiyo hudumu miaka. Kwenye tope la mikoko huoza kwa wiki tatu, kwa maana maji ya chumvi huila misumari, kutu ya misumari huila ngozi, na uzi wa katani hukatika kama tambi. Nilikuwa nikishona jozi moja asubuhi na jioni inarudi imefunguka kinywa.

Ile buti iliyobaki peke yake ilikuwa ya askari kijana aitwaye Mutua, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Wiki moja kabla sijaajiriwa, alikuwa katika doria aliposhindwa kuutoa mguu wake topeni. Kadiri alivyovuta ndivyo alivyozama. Wenzake waliotaka kumsaidia nao wakaanza kuzama, na maji yalikuwa yameanza kujaa. Yalimfika kifuani. Aliyemwokoa alikuwa mkata boriti wa Faza, Bwana Shebwana, aliyekuwa karibu na kidau chake. Alijilaza kifudifudi juu ya tope, akapitisha mkono chini ya maji, akaikata buti kwa kisu toka juu hadi kwenye kifundo. Mguu ukachomoka.

Nilimjua Bwana Shebwana, kwa kuwa alikuwa mteja wa baba yangu. Alinicheka aliponiona chini ya lile turubai.

"Mtu mzima," aliniambia, "kiatu ndicho kilozama. Na wewe wawashonea vingine vilevile?"

Neno hilo halikunitoka. Nililala nalo na kuamka nalo. Kila doria ilipotoka nilihesabu jozi za miguu, na ilipochelewa nilishindwa kula. Nilijua kwamba uzi wangu, ninaoukaza kwa mkono wangu, ndio utakaomfungia mtu mwingine ndani ya buti kama ile.

Nayo namna ya kusaka aliyoitumia Meja ilikuwa ileile ya jangwani. Aliwapanga askari wote safu moja, hatua kumi kati ya mtu na mtu, filimbi zikapulizwa, wakaingia mikokoni kwa pamoja. Misumari ikawa inagonga mawe ya matumbawe, ndege wakaruka, na yeyote aliyekuwa mbele alikuwa na muda wa kuswali rakaa mbili kabla ya kuondoka. Miezi miwili walisaka namna hiyo. Walikuta majivu ya moto, walikuta makombe ya chaza walioliwa na wale watu, lakini wao wenyewe hawakuwakuta. Nusu ya platuni ikaanza kuugua miguu, ngozi ikichubuka kama ndizi iliyoiva.

Nikajitia moyo. Nilishona jozi moja ya mfano kwa turubai kuukuu na mpira wa gurudumu la lori, nikampelekea Meja. Aliigeuza mkononi mara moja tu.

"Huyu anataka askari wangu wavae malapa," alimwambia Sajini, na Sajini akacheka kwa sababu ilimlazimu. Kisha Meja akanigeukia, na uso wake haukuwa wa hasira hata kidogo. Ulikuwa umechoka. "Askari akivua buti atavua kila kitu, fundi. Nimeona mimi. Rudi kazini."

Mwezi uliofuata Meja alihamishwa. Hatukuambiwa sababu. Aliondoka na boti ya asubuhi, buti zake zinang'aa, na nilimwonea huruma ambayo sikuitegemea.

Mahali pake alikuja Kapteni. Alikuwa kijana, mwenye madoa ya jua usoni, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa watu wala si kwa wapishi wake. Siku aliyofika hakukagua mstari. Alivua buti na soksi, akakunja suruali, akaingia matopeni nyuma ya kambi mbele ya askari wote, akazama hadi magotini, akatoka na nyayo zinazovuja damu kwa chaza. Akaja kukaa juu ya sanduku langu la vifaa.

"Nyinyi mnaoishi hapa," aliniuliza, "mnapitaje?"

Nilimwambia kuhusu Bwana Shebwana. Akaagiza aitwe. Mzee yule alisema hakuna siri: mtu hukanyaga juu ya mizizi na siyo kati yake, huenda na maji yanapokupwa, hachukui mzigo, na watu hawaendi kwa kundi kubwa.

"Kumi watazama," alisema Bwana Shebwana. "Watano hupita. Na ndia ya kurudi ijulikane kabla ya kwenda."

Kapteni aliandika maneno hayo. Kesho yake aliivunja safu. Platuni ikagawanywa vikundi vya watano watano, kila kikundi chini ya koplo, na koplo akapewa ruhusa ya kuamua mwenyewe aende wapi na arudi lini. Vijana, hilo lilikuwa jambo zito. Katika jeshi lile, koplo Mwafrika hakuwa akiamua hata wakati wa kunywa maji. Filimbi zikakusanywa zikawekwa bohari. Nami nikaambiwa nishone viatu vipya, vya watu wote.

Viatu havikufaulu mara ya kwanza. Juu nilitumia turubai, nikaitoboa matundu ubavuni ili maji yatoke, na chini mpira mwembamba. Gidamu nilizipitisha nyuma ya kisigino zikafungwa juu ya kifundo, na fundo likawa la kuvutwa mara moja likafunguka, ili mtu akikwama aache kiatu na aondoke na mguu wake. Lakini uzi ulioza tena. Nikabadilisha, nikatumia uzi wa kushonea matanga, nikaupaka mafuta ya papa, yale tuyaitayo sifa, ambayo hupakwa vyombo vya baharini. Uzi ukadumu. Siku tatu baadaye Koplo Kibet alirudi na kikundi chake akiziba pua.

"Fundi, miguu yetu haisemi tena," alisema, "lakini sasa tunanuka kama jumba la samaki. Hata kipofu atajua tumefika."

Koplo Kibet ndiye aliyekuwa mjaribu wangu. Alikuwa mtu mrefu wa upande wa Kericho, miguu yake mikubwa kupita yote kambini, hata kalibu yake nilimchongea upya. Kalibu ni kile kigogo cha mti chenye umbo la mguu ambacho kiatu hushonewa juu yake. Alikuwa na mzaha na alikuwa akijifunza Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kwa bidii. Bi Mwanaesha alipoleta mahamri, Kibet alikuwa wa kwanza kusema, "Yeo tumepata, Bi!" na mke wangu, ambaye hakumpenda askari hata mmoja, alianza kuhesabu mahamri ya Kibet mbali.

Tatizo la harufu tulilimaliza kwa nta ya nyuki. Tatizo la chaza, waliokata mpira na kuingia kwenye nyayo, lilimalizwa na Kipungani, kijiji cha kisiwani kwetu. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa huko, na wanawake wa Kipungani husuka miyaa, yale majani ya mikeka, tangu utotoni. Nilikwenda nikawaomba wanisukie ukili, ule utepe wa mikeka, wa kukaza sana. Niliushona tabaka mbili kati ya mguu na mpira. Chaza hawakuweza kuupenya, na juu ya hayo ukili ulimeza kishindo. Ukikanyaga jiwe, husikii kitu. Sikuwaambia wanawake wale ni wa kazi gani. Walidhani ni wa majamvi ya hema, nami nikawaacha wadhani.

Tulihamishiwa karibu na Faza, ambako mikoko ni minene zaidi. Wiki ya pili pale, kikundi cha Kibet kiliwakuta wawili wa wale sita kwenye kisima cha mashambani. Waliwafikia hadi kiasi cha mkono na mkono bila wao kugeuka. Haikupigwa hata risasi moja.

Waliletwa kambini wamefungwa, wakawekwa kivulini karibu na turubai langu, wakingoja boti. Walikuwa wamekonda mno. Mmoja alikuwa na vidonda miguuni vilivyofika mfupani. Nilimpa maji, na mlinzi akageukia upande wa pili. Yule mtu alikunywa, kisha macho yake yakabaki kwenye jozi niliyokuwa nimeiweka magotini.

"Miezi yote tuliwasikia," alisema. "Tulikuwa tunawasikia wakiwa mbali, tunalala tena kidogo kabla ya kuhama. Jana hatukusikia. Ni wewe unayeshona?"

Nilisema ndiyo. Hakunitukana. Alitikisa kichwa, kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenziwe, akainamisha uso. Boti ilipokuja akasaidiwa kutembea, na sijui walimfanya nini huko alikopelekwa. Siku ile Kapteni alinishika bega mbele ya watu wote akanisifu. Nilishukuru. Lakini toka siku hiyo nilikuwa nikiomba mambo mawili yasiyopatana: kwamba kila askari arudi salama, na kwamba wale wanne waliobaki wasipatikane.

Sasa nafikia jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika haya.

Adhuhuri moja nilikuwa nimeketi peke yangu nikishona, mgongo wangu kwenye njia. Sikusikia kitu. Nikahisi kidole cha baridi shingoni.

"Fundi, umekufa!" ilisema sauti ya Kibet.

Niliruka, msharasi ukanichoma kiganja. Msharasi ni sindano nene ya kutobolea ngozi, na ulipenya. Kibet alicheka mpaka akakaa chini, kisha alipoona damu akanifunga kwa leso yake akiomba radhi. Nami nikacheka. Niliona fahari. Mtu mzito kama yule, aliyevaa kazi ya mikono yangu, amenifika shingoni mchana kweupe! Lakini chini ya fahari hiyo kulikuwa na kitu kingine. Niliwaza: kama mimi ningekuwa na bunduki? Wazo hilo lilikuja, nikaliona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Nilipaswa kuinuka nimwendee Kapteni. Sikuinuka. Nilijiambia mimi ni fundi wa viatu, wao ndio wajuao vita.

Siku ya pili ilinyesha mvua kubwa ya masika baada ya alasiri. Mutua alikuwa kwenye lindo la nyuma, hatua chache kutoka nilipokuwa, na tuliweza kuonana. Siku mbili kabla, watu wa Faza walikuwa wameleta habari kwamba waliobaki wameiba panga na bunduki ya kuwindia. Kambi nzima ilikuwa na wasiwasi. Mutua hakuwa ameketi kwa saa nzima. Kikundi cha Kibet kilikuwa kimetoka alfajiri na kilitarajiwa kesho yake, kwa njia ya mbele.

Lakini mmoja wao alishikwa na homa. Koplo, kwa ile ruhusa aliyopewa ya kuamua mwenyewe, akaamua kurudi mapema na kwa njia fupi, ya nyuma. Uamuzi ule ulikuwa sawa. Yeyote kati yenu angeamua hivyo.

Niliona majani ya mkoko yakifunguka, na mtu mrefu akasimama pale, hatua kumi kutoka kwa Mutua, amefunikwa tope mwili mzima. Mutua alipiga kelele mara moja, "Simama!" Kabla mvua haijameza neno hilo, bunduki ikalia.

Kibet alianguka kitako. Nilifika kwake kabla ya wengine. Alinitazama kwa mshangao tu, akataka kusema kitu kwa lugha yao, na hakukimaliza. Mutua alikuja nyuma yangu, bunduki ameitupa, akawa anarudia jambo moja.

"Sikusikia buti. Fundi, sikusikia buti. Wetu nawajua kwa buti."

Likaja baraza la uchunguzi, maofisa watatu kutoka Mombasa, wakiongozwa na Kanali mwenye mvi. Walikaa ndani ya hema siku mbili. Kanuni ilisema mlinzi aulize mara tatu kabla ya kupiga. Ikithibitika kwamba Mutua hakuuliza, angeweza kushitakiwa kwa kuua. Askari wenzake walinijia mmoja mmoja. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu," waliniambia. "Sema aliita mara tatu. Mvua ilikuwa kubwa, nani atakupinga?" Sajini wa bohari alinishauri nijitazame mwenyewe pia: viatu ni vyangu, na mtu wa kulaumiwa hutafutwa chini kabla ya juu.

Sikupata usingizi. Uongo ule ungemwokoa Mutua, ambaye alikuwa na mama na wadogo zake wanne. Lakini ningekula kiapo kwa Msahafu. Asubuhi niliingia ndani ya hema, nikaapa.

"Mlinzi aliuliza mara ngapi?" alisema Kanali.

"Mara moja, Bwana Kanali."

Niliona bega la Mutua likishuka. Nikaendelea kabla hawajanizuia.

"Na mimi nina la kusema ambalo sikuulizwa. Jana yake marehemu alinijia kwa nyuma na sikumsikia, hata akanigusa shingo. Nilijua pale pale kwamba viatu hivi vitamleta mtu wetu mbele ya bunduki yetu. Nilijua, nikanyamaza. Kijana huyu tulimzoesha kujua wenzake kwa kishindo, kisha mimi nikakiondoa kishindo. Hakuna aliyempa kitu kingine cha kuwajulia."

Kapteni, aliyekuwa ameketi kando, aliinuka bila kuitwa.

"Fundi hakuamriwa kufikiri habari za lindo," alisema. "Mimi niliamriwa. Nilibadilisha viatu, nilibadilisha vikundi, niliwapa makoplo ruhusa ya kurudi wakati wowote. Amri ya walinzi niliiacha ilivyokuwa wakati wa Meja. Andikeni hivyo."

Wakaandika hivyo. Mutua hakushitakiwa kwa kuua, aliadhibiwa kifungo kifupi cha kambini, na baadaye aliomba apelekwe jikoni, akawa mpishi hadi alipoacha jeshi. Kapteni aliondolewa kabla ya mwezi kwisha. Alipokuja kuniaga alinipa mkono, kisha akaushika mkono wangu wenye kovu la msharasi, akaugeuza akautazama, akasema, "Ungekuja kuniambia, ningekusikiliza." Hakusema kwa ukali. Maneno hayo ndiyo yaliyonitesa zaidi ya kila kitu, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Amri mpya ya walinzi ilitungwa wiki ileile. Kila kikundi kilibeba vijiti viwili vya mkoko, na kabla ya kukaribia kambi kiligonga mara mbili, kikanyamaza, kikagonga mara moja. Neno la siri likabadilishwa kila asubuhi. Mambo rahisi. Yangeweza kufanywa siku ileile tulipokusanya filimbi.

Wale wanne hawakupatikana. Platuni iliondolewa Kipungani, kituo chetu cha mwisho visiwani, na kesi yao ikafungwa. Mimi nilipelekwa bara mwaka mmoja na nusu kuwafundisha mafundi wengine kushona viatu vile, kwa kuwa habari zake zilikuwa zimepanda hadi makao makuu. Kila darasa nilianza na vijiti kabla ya viatu. Mafundi wengine waliniona mpumbavu. Nilikataa kumpa mtu kipande cha ukili mpaka anieleze mlinzi wake atamjuaje mwenzake.

Nikiwa huko niliomba ruhusa ya siku nne, nikaenda upande wa Kericho kumtafuta baba yake Kibet. Nilimkuta akitengeneza ua wa ng'ombe, mzee mrefu, miguu mikubwa. Kijana wa shule alitufasiria. Serikali ilikuwa imemwandikia barua kwamba mwanawe alifia vitani akiwakabili adui, basi. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitamweleza yote, na nilimweleza: viatu, mvua, njia fupi, na yale niliyojua nikanyamaza. Nilimaliza nikangoja anifukuze.

Mzee alikipigilia kigingi kilichokuwa mbele yake hadi kikakaa. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Anauliza," alisema kijana, "yule mwenye homa alipona?"

"Alipona," nilisema. "Ana mtoto sasa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaniambia niingie ndani, nisisimame juani. Nilikula kwake, nikalala kwake, na asubuhi alinisindikiza hadi barabarani bila kulirudia jambo lile.

Niliacha kazi ya jeshi kabla ya uhuru, nikarudi Langoni, nikashona makubadhi miaka thelathini na zaidi, hadi macho yakakataa kuona tundu la msharasi. Wanangu hawakuirithi kazi. Mmoja ni mwalimu, mwingine ana boti. Watu huja kuniuliza kama nilikuwa upande wa serikali au upande wa wale watu wa msituni, na najua jibu wanalolitaka. Nilikuwa upande wa miguu ya askari thelathini, na ilitosha kunielemea. Wale wanne, Bi Mwanaesha hadi alipofariki alishikilia kwamba walivuka wakafika kwao. Mimi sikuwahi kumpinga. Kila Ijumaa, baada ya kumwombea yeye na wazazi wangu, humwombea Kibet, ingawa hakuwa wa dini yetu. Shehe wetu alinisikia mara moja. Alinitazama, akainua mikono yake, akaitikia amina.